Daraja la Skauti Si Mali ya Kiongozi

Ukikaa na viongozi wa skauti baada ya gwaride, wakishavua kofia na kupata chai, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye madaraja. Nani apandishwe, nani asubiri, nani alipandishwa mapema mno, na zile beji za mwaka jana mbona hazijafika. Ndiyo maana toleo hili lote tumelitoa kwa jambo hilo. Nami kabla msomaji hajafungua makala zinazofuata ninataka kuliweka wazi ninaloliamini: masharti ya kupanda daraja yapo ili kumlinda mtoto dhidi yetu sisi wakubwa. Yanamlinda dhidi ya ukali wetu, na yanamlinda vilevile dhidi ya huruma yetu.

Tazama yalivyoandikwa tangu mwanzo. Robert Baden-Powell alipiga kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, Agosti 1907, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake Scouting for Boys. Humo daraja la pili lilikuwa na masharti ya kushikika. Mtoto awe ametumikia walau mwezi mmoja akiwa mwanagenzi, yaani skauti anayeanza. Awashe moto wa kuni kwa njiti za kibiriti zisizozidi mbili. Apike robo ratili ya nyama na viazi viwili bila chombo kingine zaidi ya sufuria yake ya kambini. Aende maili moja kwa dakika 12, akikimbia na kutembea kwa zamu. Awe na peni sita katika benki ya akiba. Daraja la kwanza lilimtaka aogelee yadi 50, akiba yake ifike shilingi, na amlete mwanagenzi aliyemfundisha yeye mwenyewe.

Mtoto wa miaka 12 aliyeisoma mistari hiyo alijua amefika wapi bila kumwuliza mtu. Njiti ya pili ikizimika na kuni hazijashika, anajua leo hakufaulu na kesho atajaribu tena. Nyama ikiiva, anajua amefaulu hata kama kiongozi amenuna. Kiongozi alikuwa shahidi wa kazi iliyofanyika mbele ya macho yake, na shahidi haongezi wala hapunguzi alichokiona. Sharti lile la kumleta mwanagenzi ndilo ninalolipenda kupita yote. Halighushiki. Mwanagenzi amesimama pale, kamba mkononi. Ama anajua kufunga mafundo yake au hajui, na akijua, aliyemfundisha amethibitisha kwamba maarifa yake yamekomaa kiasi cha kumfaa mwingine.

Masharti yenyewe hubadilika, na hakuna ubaya. Mwanagenzi wa 1908 alitakiwa kujua jinsi bendera ya Uingereza ilivyoundwa; wa kwetu leo hujifunza bendera ya taifa lake, na ndivyo inavyopasa. Lakini mabadiliko ya namna hiyo hufanywa na chama, kwa maandishi, kwa nchi nzima. Kiongozi wa kundi moja hakupewa kalamu hiyo.

Chama cha skauti cha Marekani, ambacho tangu Februari 2025 kinaitwa Scouting America, kimelisema hili waziwazi kiasi kwamba inafaa tuwaazime maneno. Mwongozo wake wa madaraja unaeleza kwamba hakuna baraza, kamati, kundi wala mtu yeyote mwenye ruhusa ya kuongeza sharti au kulipunguza. Kitabu kikisema mtoto aonyeshe jinsi ya kufunga jeraha, basi aonyeshe, kwa mikono yake, kwenye mguu wa mwenzake. Kueleza kwa mdomo hakutoshi. Kikisema aeleze, basi akieleza amemaliza, na asidaiwe maonyesho. Na sharti likishatiwa saini na aliyeruhusiwa kutia, limekwisha. Halifutwi mwezi ujao kwa sababu mtoto amejibu vibaya au amechelewa gwaridani.

Viongozi wenzangu, hapa ndipo tunapokosea zaidi, na huwa tunakosea tukiwa na nia njema. Kundi moja linaweka sheria yake kwamba hapandi mtu asiyehudhuria kila Jumamosi, wakati kitabu hakikutaja hivyo, na mtoto anayemsaidia mama yake sokoni Jumamosi anabaki mwanagenzi miaka miwili. Kundi jingine linadai sare kamili, pamoja na mkanda na soksi, kabla ya kumsikiliza mtoto. Ninaipenda sare, na ningependa kila mtoto awe nayo, lakini ukiigeuza kuwa sharti la daraja umelitia daraja bei, na watoto wa kwanza kushindwa kuilipa ni wale ambao uskauti ungewafaa kuliko wote. Nidhamu ina njia zake: kiongozi wa kikosi ataongea na mwenzake, mzazi ataitwa, zamu ya kuosha vyombo itaongezwa. Beji isitumike kama kiboko.

Kupunguza nako kuna madhara, ingawa kunaonekana kama wema. Sherehe inakaribia, mkuu wa shule anataka idadi nzuri ya watakaovishwa, na mtoto hajawahi kuingia majini. Kiongozi anatia saini kwenye mstari wa kuogelea, akijiambia kwamba atajifunza baadaye. Miezi minne baadaye kundi liko kambini kando ya mto, na kiongozi mwingine asiyemjua mtoto huyu anatazama mkono wa shati lake, anaiona beji, na anamkabidhi wadogo wanne waende kuoga. Sijui kama kuna saini nyepesi kuliko hiyo kwenye karatasi, na nzito kuliko hiyo mtoni.

Wako watakaosema kwamba Baden-Powell mwenyewe alifundisha kupima juhudi ya mtoto kuliko ubora wa kazi yake. Ni kweli. Katika Aids to Scoutmastership alishikilia kwamba beji ya ustadi hutolewa kwa kiasi cha bidii iliyowekwa, ili yule mzito wa kujifunza asikatishwe tamaa na yule mwepesi. Sioni mgongano. Bidii ndiyo inayotuambia tumsubiri mtoto, tumrudishe jaribioni mara ya tano bila kumdhihaki, tumtafutie mwenzake wa kumfundisha, tuukubali moto wake hata ukifuka moshi zaidi ya wa jirani. Lakini moto uwake.

Na mtoto mwenye ulemavu? Swali hili limetujia katika barua nyingi, na linastahili jibu lenye uzito. Asiyeweza kutembea maili hawezi kufungiwa daraja, wala hapaswi kupewa daraja la huruma ambalo yeye mwenyewe atajua ni la huruma. Watoto hujua. Njia ya Wamarekani inafaa kuigwa: mzazi na kiongozi wanaandika ombi, daktari anaeleza hali ilivyo, ngazi ya juu inakubali sharti mbadala linalomtoa jasho mtoto huyo kwa kadiri ileile. Likikubaliwa limekubaliwa rasmi, na akivaa beji hakuna wa kumnong'onea nyuma. Kiongozi akiamua peke yake kimyakimya kuuruka mstari, amemnyima mtoto fursa ya kufanya jambo gumu, na hilo ndilo alilolijia.

Baada ya majaribio hufuata kikao cha mapitio, na hapa pia tujifunze. Kule Marekani wajumbe ni watu wazima watatu hadi sita. Kiongozi wa kundi la mtoto hakai kwenye meza hiyo, wala mzazi wake. Kazi yao si kumtahini upya. Wanamwuliza kambi ipi ilimchosha, nani alimfundisha ramani, anaishije na Sheria ya Skauti nyumbani kwao. Wakiona bado, wanalazimika kumwambia bado nini na afanye nini ili arudi. Nikilinganisha na vikao nilivyovishuhudia kwetu, ambapo mtoto anasimamishwa mbele ya kundi zima na kuulizwa tarehe, majina na mafundo kumi kwa mpigo hadi akose moja, naona tumeugeuza mwisho wa safari kuwa mtego. Anayetaka kujua kama mtoto anajua mafundo aangalie saini iliyotiwa. Kama haiamini saini, tatizo lake ni aliyetia saini.

Jambo la sherehe ndilo lililonisukuma hasa kuandika, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Skauti wa kwanza wa Marekani kufikia daraja la Tai, lililo la juu kabisa, alikuwa Arthur Eldred, kijana wa New York. Alikuwa na beji za ustadi 21, na walioketi kumhoji ni waasisi wenyewe wa chama, wakiwamo Ernest Thompson Seton na Daniel Carter Beard. Mnamo Agosti 1912 aliandikiwa barua kwamba daraja ni lake. Nishani ilikuwa bado haijakamilika, akakabidhiwa Septemba. Kati ya barua na nishani, Eldred alikuwa nani? Alikuwa Tai. Hakuna aliyemwambia asubiri chuma kifuliwe ndipo awe. Hadi leo mwongozo wa nchi hiyo unahesabu daraja tangu siku ya kikao cha mapitio, na unahimiza beji itolewe upesi. Sherehe kubwa ya wazazi huja baadaye, kila baada ya miezi kadhaa, kusherehekea lililokwisha kuwa.

Kwetu tumeyafunga haya mawili pamoja, na mtoto ndiye anayeumia. Amemaliza masharti Machi. Beji anaipata Novemba, kwa sababu mgeni rasmi alipatikana Novemba. Miezi minane kwa mtoto wa miaka 11 ni muda mrefu mno. Wengine huacha kuja. Na siku yenyewe ikifika, nimeona watoto wamepangwa uwanjani tangu saa mbili asubuhi, mgeni anaingia saa sita, anavishwa skafu, anasomewa risala, anahutubia kuhusu maendeleo ya mkoa, na beji zinatolewa mwishoni kutoka mfuko wa nailoni, mbilimbili, majina yakitamkwa kwa haraka kwa sababu msafara una ratiba nyingine. Mtoto mmoja aliyeanguka kwa jua alikuwa amebebwa kivulini jina lake lilipoitwa. Beji yake ilichukuliwa na mwalimu.

Sisemi tusialike wageni. Mkuu wa wilaya akija, wazazi hujivuna, na kundi hupata wa kuliunga mkono. Ila sherehe ya uskauti kama ilivyoelezwa 1908 ilikuwa ndogo ajabu. Kundi linasimama kwa umbo la kwato ya farasi, kiongozi yuko penye uwazi. Kiongozi wa kikosi anamleta mwanagenzi wake, anasimama naye. Msaidizi ameshika fimbo na kofia ya mtoto. Mtoto anaulizwa, anakula ahadi, anapewa beji, anapeana mkono na kiongozi wake, anarudi na wenzake kwenye kikosi. Dakika chache. Anayemleta ni mwenzake aliyemfundisha, wanaomtazama ni watakaolala naye hema moja. Hayo yanawezekana Jumamosi yoyote, chini ya mwembe wa shule, bila bajeti.

Basi ushauri wetu ni huu. Daraja litangazwe siku kikao kilipomkubali mtoto, na beji avishwe mkutano unaofuata, na kikosi chake. Panapokuwa na siku kubwa ya wazazi, aitwe tena, na safari hii asemewe neno moja la kweli: kwamba huyu ndiye aliyeongoza kikosi usiku wa mvua, au ndiye aliyemfundisha mdogo wake kusoma dira. Jina litamkwe sawasawa, liulizwe kabla. Mzazi asimame karibu, na kama kuna kumshukuru mtu, ashukuriwe yeye kwanza, maana ndiye aliyetoa nauli. Watoto wakae kivulini hadi mgeni afike, na mgeni aelezwe mapema kwamba hotuba ni dakika tano.

Neno moja kwa wasomaji wa Kenya, ambako watoto huanzia Sungura, wakapita Chipukizi na Mwamba hadi Jasiri. Hayo ni makundi ya umri. Mtoto huhamia kundi linalofuata kwa sababu amekua, na asizuiwe kwa sababu hakumaliza beji za kundi la nyuma. Nimesikia kijana wa miaka 16 akiachwa pamoja na wadogo wa miaka 11 ili "amalizie". Huyo amedhulumiwa, na atakuwa ameondoka kabla ya muhula kwisha.

Makala zinazofuata zinaeleza jinsi ya kutunza kijitabu cha maendeleo, jinsi ya kuandaa kikao cha mapitio kisichotisha, na mambo ya kupanga kwa sherehe ndogo ya kundi. Likizo ya Desemba iko karibu na kambi nyingi zinaandaliwa. Kabla ya kupakia mahema, tunaomba kila kiongozi akae jioni moja na vijitabu vya watoto wake, aangalie nani alikwisha kutimiza masharti na bado anasubiri, na afungue kabati la ofisi ya shule kuona kama kuna beji zilizolala humo. Zilizopo zitolewe wiki hii. Ambazo hazipo, mtoto aambiwe kwa maneno, mbele ya kikosi chake, kwamba daraja ni lake tangu siku alipolipata, na tarehe hiyo iandikwe.