Sikio la Mwanafunzi Lipimwe Kabla ya Kukemewa

Nilipokuwa nikiwakagua wanafunzi wangu wa ualimu katika shule moja ya Dandora, nilimsikia mwalimu akimkemea mtoto wa dawati la nyuma kwa methali tuijuayo sote: "Sikio la kufa halisikii dawa." Mtoto hakujibu. Alikuwa akiitazama midomo ya mwalimu. Nilipozungumza naye baada ya somo, nilitambua kwamba hakuwa mkaidi hata kidogo. Hakuwa akisikia vyema.

Mimi ni mtu wa isimu wala si tabibu. Hata hivyo, kwa watoto wengi lugha huingia kwa mlango wa sikio, kwa hivyo yatupasa walimu tujue jinsi mlango huo unavyofungwa.

Wengi wetu hudhani kwamba uziwi huletwa na nta, usaha au kelele tu. La hasha! Ndani kabisa ya sikio mna kiungo kilichojipinda mfano wa konokono, chenye seli za vinyweleo zipatazo 15,000. Seli hizo ndizo zinazogeuza sauti kuwa ishara za kupelekwa ubongoni, na zikifa hazioti tena. Adui wao mmoja ni kinga ya mwili yenyewe. Waama, kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka wa 1979 daktari Mmarekani, Brian McCabe, alieleza habari za wagonjwa 18 ambao kinga yao ilidhaniwa kulishambulia sikio la ndani kana kwamba ni mgeni, na akaonyesha kwamba dawa za kuituliza kinga hiyo zaweza kusaidia.

Maradhi hayo ni adimu, na huwapata zaidi watu wazima. Kwa watoto, mfano ulio karibu ni homa ya uti wa mgongo. Vita baina ya kinga na bakteria huweza kuenea hadi sikio la ndani, na askari akauharibu mji aliotumwa kuulinda. Ndiyo sababu chanjo dhidi ya bakteria wa nyumokoka, iliyoanza kutolewa kwa watoto nchini mwaka wa 2011, ni kinga ya masikio pia.

Kwa maoni yangu, methali ile tunaitumia vibaya. Uziwi ukija ghafla, au ukizidi kwa majuma machache, mgonjwa apelekwe kwa daktari wa masikio mara moja, kwani dawa ikichelewa huenda isipate cha kuokoa.

Najua madarasa yetu yamefurika na walimu wamelemewa. Lakini kumketisha mbele mtoto anayejibu swali asiloulizwa, na kumwomba mzazi ampeleke akapimwe, hakuhitaji bajeti. Na iwapo usikivu umekwisha kupotea, mtoto asinyimwe lugha: Katiba ya mwaka wa 2010 inaitaja Lugha ya Ishara ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Inayostahili Bungeni yastahili darasani Dandora.