Kindege hakipangi foleni mpakani

Anayevuka Busia au Mutukula na mzigo wa nguo, samaki au nafaka anajua maana ya kusubiri. Kuna foleni ya forodha, kuna fomu iliyojazwa vibaya, kuna mnunuzi aliyeahidi kufika saa nne na saa nane bado hajaonekana. Katika saa hizo simu ndiyo mwenzake, na ndani ya simu hiyohiyo ndimo mtaji unamokaa, kwenye akaunti ya pesa. Mchezo wa kasino wa mtandaoni hauhitaji zaidi ya hapo: muda usio na kazi, na pesa iliyo karibu na kidole.

Kampuni za kamari zenye mabango barabarani zimelaumiwa sana, na mara nyingi kwa haki. Lakini kampuni yenye jina kwenye bango kwa kawaida siyo iliyoutengeneza mchezo. Imeuchukua kwa watengenezaji walio mbali, ambao aghalabu hulipwa sehemu ya pesa inayobaki baada ya washindi kupewa chao. Hao ndio wanaoamua mchezaji aone nini, asikie nini, na asubiri kwa sekunde ngapi kabla ya kuweka dau jingine.

Chukua Aviator, ambao wengi vijiweni huuita kindege. Ulitengenezwa na Spribe, kampuni iliyoanzia Georgia, na ukatoka mwaka 2019. Kindege kinapaa, namba inapanda kuanzia 1, na mchezaji anatakiwa abonyeze kitufe cha kutoa pesa kabla hakijatoweka. Akibonyeza namba ikiwa 2, dau lake limezaa mara mbili. Akichelewa, dau limekwenda. Hakuna karata za kujifunza wala timu za kufuatilia. Atakayetazama raundi tatu ameshauelewa.

Nguvu ya mchezo huu imo katika kile kitufe. Mahali ambapo kindege kitapotelea huwa pameshaamuliwa na kompyuta kabla hakijapaa. Kidole cha mchezaji hakibadilishi chochote angani. Kinachagua tu ashuke wapi. Anayeshuka mapema hupata kidogo mara nyingi, anayengoja hupata kikubwa mara chache, na kwa muda mrefu wote wawili wanafikia wastani uleule. Lakini kwa kuwa ni yeye aliyebonyeza, hasara humfikia ikiwa na sura ya kosa lake mwenyewe: angetoa sekunde moja mapema, angekuwa na pesa. Na akitoa mapema, kindege huendelea kupaa mbele ya macho yake ili aone alichoacha. Vyovyote iwavyo, anabaki na sababu ya kujaribu tena. Matapeli wanaouza programu za kutabiri kindege kwenye makundi ya simu wanaishi kwa imani hiyohiyo, kwamba kuna ujuzi mahali ambapo hakuna.

Kisha kuna hesabu, na hii mfanyabiashara anaweza kuifuata kuliko mtu yeyote. Watengenezaji wanasema wazi kwamba Aviator hurudisha asilimia 97 ya madau. Inasikika kama ukarimu. Asilimia tatu zinazobaki ni faida nyembamba, kama ya muuza sukari wa jumla, na kama yeye, mwenye mchezo hatajiriki kwa mfuko mmoja. Anatajirika kwa mzunguko. Mtu anayeweka shilingi 100 kila raundi, raundi mbili kwa dakika, kwa saa moja ameweka madau ya shilingi 12,000, hata kama alianza na 2,000 tu mfukoni, kwa sababu pesa ileile inarudi na kutoka tena. Asilimia tatu ya hizo ni 360. Huo ni wastani tu. Kwa mtu mmoja mmoja, mkosi wa raundi chache mfululizo unatosha kumaliza mtaji wote kabla lori halijasogea.

Ndiyo maana kasi ni bidhaa. Raundi moja ikiisha, nyingine inafunguliwa baada ya sekunde chache. Kuna nafasi ya kuweka madau mawili kwa wakati mmoja. Kuna kitufe cha kuuacha mchezo ujiendeshe wenyewe. Pembeni kuna orodha ya wachezaji wengine, na anayetoa pesa jina lake linawaka rangi ya kijani pamoja na kiasi alichopata. Aliyepoteza hapigiwi tarumbeta. Katika michezo ya sloti hila ni ya wazi zaidi: mtu anaweka 100, anarudishiwa 40, na mashine inapiga muziki na kumwaga sarafu kwenye kioo kana kwamba ameshinda.

Hayo yanaweza kuwekewa sheria, na kuna waliofanya hivyo. Tangu Oktoba 2021 Tume ya Kamari ya Uingereza inataka kila mzunguko wa sloti mtandaoni uchukue angalau sekunde 2.5. Imekataza kucheza kwa kujiendesha, imekataza shamrashamra pale malipo yasipozidi dau, na imetaka mchezaji aonyeshwe muda aliocheza na jumla ya alichopoteza au alichopata. Januari 2025 michezo mingine ya kasino nayo ikawekewa mwendo, angalau sekunde tano kwa kila mchezo. Kamari haikufa Uingereza.

Afrika Mashariki bado inashughulika zaidi na mlangoni. Kenya ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30 Aprili 2025, na Agosti mwaka huohuo ikapata sheria mpya ya udhibiti. Tanzania ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, Uganda ina bodi yake chini ya sheria ya 2016. Kila nchi inatoa leseni zake na kukusanya kodi zake, huku mchezo ni ule ule, wenye kitufe kile kile, Kampala na Mwanza. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na hadi leo gunia la mahindi linaweza kuzuiwa mpakani kwa ubishi wa viwango. Kindege hakijawahi kuulizwa cheti.

Jumuiya inayojua kukubaliana juu ya viwango vya unga na saruji inaweza kukubaliana juu ya viwango vya mchezo. Mawaziri wanaohusika wangeanza na mambo machache: mwendo wa chini kwa kila raundi, kuondolewa kwa kitufe cha kujiendesha, na hesabu moja isiyofichwa ndani ya menyu. Kila nusu saa kioo kisimame na kumwonyesha mchezaji, kwa shilingi au faranga za nchi yake, ameingiza kiasi gani tangu mwezi uanze na ametoa kiasi gani. Leseni ya kila nchi mwanachama itaje masharti hayo kwa maneno yaleyale, ili mchezo uliokataliwa Nairobi usihamie Arusha kesho yake.