HAKUSHINDWA NA KAZI, AMEFUNGIWA MLANGO

Ndugu wafanyi kazi wa chuo,

Kuna neno linalopita katika ofisi za wakubwa, nasi hatutalinyamazia. Lasema hivi: "Karani yule kipofu hawezi kazi tena." Twauliza, tangu lini? Mwenzetu huyu amefanya kazi miaka tisa katika ofisi ya kuandikisha wanafunzi. Aliandika barua, alitafuta majina, aliwajibu wazazi kwa simu, na hakuna aliyemlaumu. Kisha wakubwa wakanunua programu mpya ya kompyuta. Tangu siku ile ameketishwa mlangoni bila kazi, na sasa ameletewa barua ajieleze kwa nini asipunguzwe.

Macho yake hayakubadilika. Iliyobadilika ni programu.

Wengine wetu hatujui kipofu hutumiaje kompyuta, basi tueleze. Ndani ya mashine hutiwa programu isomayo kwa sauti maneno yaliyo katika kioo. Yeye husikiliza, na huendesha kazi yote kwa vitufe vya kuandikia, bila kushika kipanya. Lakini sauti ile husoma maandishi tu. Pakiwekwa kijipicha cha kubonyeza kisichopewa jina, hutamka "kitufe" ikanyamaza. Kitufe cha nini? Cha kuhifadhi au cha kufuta? Karatasi ikipigwa picha na kutiwa katika kompyuta bila kugeuzwa maandishi, kwake ni ukurasa mtupu. Na mahali panapokubali kipanya peke yake, hapo mlango umepigwa kufuli.

Kukipa kitufe jina ni kazi ya yule aliyeijenga programu, naye alilipwa. Wakubwa walitia sahihi mkataba wasimwulize, na leo deni lao wamtaka karani alilipe kwa mshahara wake.

Watasema hakuna fedha. Si kweli. Programu ya kusoma kwa sauti iitwayo NVDA ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, yeye mwenyewe kipofu, kisha akashirikiana na James Teh, kipofu mwenzake. Hupewa mtu ye yote bure. Gharama kubwa ni ile ya kununua kitu kibovu kwanza, kisha kukitengeneza baadaye.

Watasema wataangalia kwa huruma. Hatukuomba huruma. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kuingia katika vyuo, kupata habari, na kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vya ulemavu wake. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 5, yamkataza tajiri kumbagua mfanyi kazi kwa sababu ya ulemavu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Wala jambo hili si la karani mmoja. Mwanafunzi kipofu hujiandikisha kwa masomo kwa programu hiyo hiyo. Mwanafunzi kiziwi huletewa somo la video lisilo na maneno yaliyoandikwa chini yake. Mwenye kiti cha magurudumu aambiwa kompyuta ziko juu, na njia ni ngazi tu. Na wakikwama, anayetukanwa ni fundi wa zamu, ambaye hakununua cho chote wala hakufundishwa lo lote. Hivyo wakubwa hukosa, na wadogo hugombana.

Lakini tusiwanyoshee wengine kidole tukajisahau. Tangazo la mkutano wetu uliopita tulilipiga picha tukalituma kwa simu. Mwenzetu hakuweza kulisoma, wala hakuna aliyemsomea. Hilo ni kosa letu sisi. Kuanzia leo kila tangazo la chama litatumwa kwa maandishi, na karatasi hii vilevile.

Kwa hiyo twadai haya:

1. Barua ya kumpunguza mwenzetu ifutwe, naye arudishwe kazini kwake.

2. Programu ile irudishwe kwa aliyeiuza, airekebishe.

3. Kusinunuliwe programu nyingine kabla haijajaribiwa na mfanyi kazi au mwanafunzi asiyeona, na sharti hilo liandikwe katika zabuni.

4. Mafundi wa kompyuta na wafanyi kazi wa maktaba wafundishwe jambo hili katika saa za kazi, kwa mshahara.

5. Kompyuta za wanafunzi ziwekwe mahali ambapo kiti cha magurudumu chafika.

Ndugu, usiseme "mimi naona vizuri, hayanihusu." Macho huzeeka, na ajali haipigi hodi. Tajiri akiruhusiwa leo kumwondoa mtu kwa kumnunulia mashine asiyoiweza, kesho atakununulia yako. Njooni mkutanoni wote, na atakayepita kwa mwenzetu amshike mkono waje pamoja.

Umoja ni nguvu.