FULANA YASEMA, LAKINI NI YA NANI?

Wako wazee wetu, tena watu wa heshima, ambao wakimwona kijana amevaa fulana yenye maandishi na kofia iliyogeuzwa nyuma husema, "Huyo ni mhuni." Sisi hatukubaliani nao. Mama zetu wa pwani wamesema kwa kanga tangu zamani. Neno wasiloweza kumwambia mtu uso kwa uso hulivaa, wakapita nalo mlangoni pake. Kijana mwenye fulana afanya lile lile. Basi swali si kama nguo yafaa kusema. Swali ni hili: yasema neno la nani, na faida yake yaenda kwa nani?

Na tutazame mfano wa ndugu zetu weusi wa Marekani. Mwaka 1989, katika mji wa Los Angeles, Carl Jones na mwenzake T. J. Walker walianzisha kampuni ya mavazi iitwayo Cross Colours. Wakati ule vijana wa mji huo walikuwa wakiuana kwa sababu ya rangi. Genge la Bloods lilivaa nyekundu, genge la Crips likavaa bluu, na aliyekosea rangi katika mtaa usio wake aliweza kupoteza maisha. Mabwana hawa wakashona suruali pana na fulana za rangi nyingi kwa pamoja, wakaziandika maneno ya kuwataka vijana waache kuuana na washike elimu. Will Smith alizivaa katika mchezo wake wa televisheni, na watoto wa nchi nzima wakazitaka.

Hatusemi kwamba nguo zilileta amani. Mwaka 1992 mji huo huo uliwaka moto, baada ya baraza la mahakama kukataa kuwatia hatiani askari waliompiga Rodney King. Lakini neno jema lilipata njia ya kupita mitaani, mahali ambapo hotuba na magazeti hayakufika.

Mtu asidhani kwamba hayo ni mambo ya watoto tu. Wenye madaraka wanajua nguvu ya nguo. Mwaka 1919 au zamani zaidi hatuna haja ya kurudi. Mwaka 2019 tu, serikali ya Uganda ilitangaza katika gazeti lake rasmi kwamba bereti nyekundu ni vazi la jeshi, na raia hana ruhusa ya kuivaa. Bereti hiyo ilikuwa alama ya wafuasi wa Bobi Wine. Kama kofia haisemi kitu, ya nini kuikataza?

Lakini sasa tusikilize mwisho wa habari ya Los Angeles, maana ndipo penye funzo. Sehemu kubwa ya nguo za Cross Colours iliuzwa katika maduka ya Merry-Go-Round, ambayo hayakuwa mali yao. Maduka hayo yalipofilisika mwaka 1994, kampuni nayo ikaanguka, ingawa miaka mingi baadaye wenyewe waliifufua. Neno lilikuwa lao, na mchoro ulikuwa wao. Mlango wa duka ulikuwa wa mtu mwingine, na ulipofungwa, neno likabaki ndani.

Je, sisi tuko wapi? Vijana wetu wanatembea na majina ya vyuo wasivyovijua na makampuni yasiyowajua, kwa kuwa fulana nyingi ni mitumba. Hatuwalaumu wauzao mitumba. Nao wanatafuta riziki. Lakini tukumbuke: mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuikomesha polepole. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru kwa bidhaa zetu. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikanyimwa nafuu hiyo kwa nguo zake. Na huku sehemu kubwa ya pamba ya wakulima wa Tanzania husafirishwa nje bila ya kufumwa. Twauza pamba, twanunua fulana iliyochakaa, tena yenye maneno ya wengine!

Wengine watasema, "Siasa ni kazi, si nguo." Ni kweli. Fulana haiwezi kulipa ada ya chama wala kuhudhuria mkutano. Lakini kijana akishika kazi ya fulana kwa makini, hiyo nayo ni kazi.

Kwa hiyo twasema: kila tawi lenye vijana wachoraji na mafundi cherehani liwasaidie kuunda ushirika wao. Wapige chapa maneno yao wenyewe, juu ya maji, shule, kodi au ardhi, kwa Kiswahili kinachosomeka. Waziuze wenyewe sokoni, na fundi alipwe haki yake kwanza, maana fulana inayodai haki huku mshonaji wake ana njaa ni uongo uliovaliwa.

Na tusingoje wakati wa uchaguzi kupewa fulana ya bure. Anayekupa fulana hukupa na maneno ya kusema. Ndugu, vaa neno lako, na ulinunue kwa jasho lako.