Pipa Kwanza, Faini Baadaye

 Ningependa kulichambua jambo ambalo limekuwa gumzo sokoni, kwenye matatu na hata humu bwenini baada ya taa kuzimwa. Nazungumzia hizi sheria zinazopendekezwa katika kaunti zetu kuhusu taka, mbwa koko na kelele za mitaani. Wapo wanaozishangilia kana kwamba mji utang'ara kesho asubuhi. Wengine, hasa wenye vibanda, wanasema ni mbinu ya kanjo ya kutafuta pesa ya chai. Mimi naona kila upande una ukweli wake, lakini swali kubwa bado halijaulizwa. Je, sheria inayomtoza mwananchi faini inamdai nini yule anayeitunga?

Kwanza tuelewane kuhusu mamlaka. Wako wanaonung'unika kwamba serikali ya kaunti inajiingiza katika mambo yasiyoihusu. Hao wamepotoka. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezitaja waziwazi kazi za kaunti. Humo utakuta uzoaji wa taka na majaa ya taka, udhibiti wa kelele na kero nyingine za umma, na hata utoaji wa leseni za mbwa. Naam, leseni za mbwa zimo ndani ya Katiba ya nchi! Kwa hiyo tangu kaunti zote 47 zianze kazi mwaka 2013, mambo haya ni yao. Lakini soma tena vizuri. Katiba haikusema kwanza kaunti itoze faini za taka. Imesema kazi ya kaunti ni kuzoa taka. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Hebu tuangalie soko la mji wetu. Kila asubuhi mama mboga hukatiwa tikiti ya ushuru kabla hata hajauza fungu moja la sukuma wiki. Mvua inyeshe, jua liwake, mwenye tikiti hakosi. Jioni mama huyo anabaki na majani ya kabeji, maganda ya ndizi na nyanya zilizopondeka. Azipeleke wapi? Pipa hakuna. Lori la taka huja likipenda, na likija hubeba nusu, nusu nyingine hurudi barabarani kwa upepo. Basi mama hufanya wanavyofanya wenzake wote, hurundika nyuma ya ukuta. Sasa chini ya sheria inayopendekezwa, mama huyu ni mhalifu. Askari atakayemkamata ametumwa na ofisi ileile iliyomuuzia tikiti asubuhi. Waama, dau la mnyonge haliendi joshi.

Sisemi kwamba watu hawana makosa. Tuna makosa mengi, tena ya aibu. Tumeona abiria wakirusha chupa dirishani matatu ikienda kasi, na vijana wakimwaga taka mtaroni usiku ili mvua iwasaidie kazi. Mitaro ikiziba maji huingia nyumbani mwa watu, na ndipo kila mtu hulia kwamba serikali imelala. Watu wa namna hii watozwe faini, nami nitapiga makofi. Lakini mtu anayetupa taka hatua tano kutoka kwenye pipa na mtu asiye na pipa mtaa mzima si watu wa aina moja, na sheria isiyoona tofauti hiyo itamkamata yule wa pili kila siku, kwa sababu ndiye asiyeweza kukimbia na meza yake.

Tusidhani kwamba Wakenya ni wakaidi wasioweza kufuata sheria ya usafi. Mnamo tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, na adhabu ikawekwa kati ya shilingi milioni mbili na milioni nne, au kifungo cha kati ya mwaka mmoja na minne. Watu walicheka. Wakasema haitawezekana, nyama tutaibeba mikononi? Lakini leo ukienda dukani huulizi tena karatasi ya plastiki. Ni kweli kwamba mingine bado huingizwa kimagendo, lakini ile ya kupeperuka kila mti na kila waya ilipungua sana. Kwa nini ilifaulu? Adhabu kali ilichangia, sikatai. Ila sheria ile ilianza na kiwandani na bandarini, haikumwachia mnunuzi mzigo wote. Na muhimu zaidi, mtu aliponyimwa mfuko wa plastiki alipata mfuko mwingine palepale dukani. Mama mboga wetu akinyimwa nyuma ya ukuta atapewa nini?

Isitoshe, sheria ya taifa ipo tayari. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, na inazitaka kaunti ziwe na mahali pa kuchambulia na kuokolea vitu vinavyoweza kutumika tena. Kutenga huku si jambo la kitabuni. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni vitu vinavyooza, yaani vyakula na majani, ambavyo mkulima angevishukuru kama mbolea. Lakini vikichanganywa na chupa, nepi na betri, vyote huwa uchafu mtupu na hupelekwa jaani. Majaa nayo yana mwisho. Jaa la Dandora jijini Nairobi lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, na mpaka leo malori yanaendelea kumwaga huko, huku shule na nyumba za watu ziko jirani na moshi ule. Ikiwa mji mkuu umeshindwa kujifungia jaa lililojaa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, je, sisi wa miji midogo tutaponea wapi tusipoanza mapema?

Sasa nije kwa mbwa koko, ambao wengi hudhani ni habari nyingine kabisa. La hasha! Mbwa koko ni mtoto wa taka. Tazama wanakolala, nyuma ya hoteli, karibu na kichinjio, na pale pale nyuma ya ukuta wa soko. Chakula kikiwapo watakuwapo. Mbwa jike hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu na kuzaa watoto wengi kwa mpigo, kwa hiyo ukiwaua leo na kuiacha taka, baada ya muda mfupi wenzao watakuja kukaa palepale. Na usiku wakigombania mifupa, ndiyo hiyo kelele inayotuamsha saa nane. Taka, mbwa na kelele ni mambo matatu kwenye karatasi, lakini mtaani ni jambo moja.

Kuna wanaotaka mbwa hao wapigwe risasi au watiliwe sumu kwenye nyama kama ilivyokuwa ikifanywa zamani. Naelewa hasira yao. Kichaa cha mbwa si mchezo, kwani dalili zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya Duniani linasema watu 99 kati ya kila 100 wanaopata ugonjwa huu huambukizwa na mbwa, na kwamba watu wapatao 40 kati ya 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Hao ni wadogo zetu, wanaotembea kwenda shule alfajiri. Lakini shirika hilohilo linaeleza kwamba dawa ya kuukata ugonjwa ni chanjo. Zikichanjwa angalau mbwa 70 kati ya 100 katika eneo, ugonjwa hukosa pa kupitia. Kenya ilizindua mkakati wake mwaka 2014 kwa lengo la kumaliza vifo vya binadamu ifikapo 2030, na kaunti kama Makueni na Siaya zikawa miongoni mwa zile za mwanzo kupelekewa chanjo kwa wingi. Sumu haichagui. Huua aliyechanjwa na asiyechanjwa, huua paka wa jirani, na mtoto mdadisi akiokota kile kipande cha nyama, nani atajibu?

Hapa kuna kifungu kimoja kinachonitia wasiwasi zaidi, nacho ni ada ya leseni ya mbwa. Mjini kwa matajiri haina neno, mwenye mbwa wa kigeni atalipa bila hata kuuliza. Lakini chukua babu mwenye mbuzi wawili na mbwa mmoja wa kulinda boma. Mwambie alipe ada na akikosa atozwe faini. Atafanya nini? Atasema mbwa si wake. Atamfungulia, amfukuze, na jioni mbwa akirudi ajifanye hamjui. Yaani sheria ya kupunguza mbwa koko itakuwa imezaa mbwa koko wengine! Leseni itolewe bure siku ya chanjo, mbwa avishwe alama shingoni, na babu apewe cheti chake. Hapo kaunti itawajua mbwa wote na babu hatakuwa na sababu ya kumkana mlinzi wake. (Na kwa kuwa nimegusa jambo hili, ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitali siku hiyohiyo. Usingoje kuona kama mbwa atakufa.)

Kuhusu kelele nitasema kama mwanafunzi. Sisi tunaosoma prepu huku spika za baa zikitikisa madirisha tunajua wimbo gani unavuma kuliko tunavyojua fomula za kemia. Kanuni za mwaka 2009 kuhusu kelele, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinasema kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi sauti katika makazi isizidi desibeli 35. Hiyo haipiti sana mnong'ono. Aidha, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ambayo watu wengi huiita sheria ya Mututho, hairuhusu baa kupewa leseni ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto wa chini ya miaka 18. Sheria tunazo, msomaji wangu, tunazo tele. Kinachokosekana ni kipima sauti mkononi mwa askari na ujasiri wa kukitumia mahali penye mwenye pesa. Na nani humpa mwenye baa leseni? Ni kaunti. Mwezi wa Novemba 2022 Kaunti ya Nairobi ilitangaza kwamba vilabu vya usiku havitapewa tena leseni katika makazi ya watu. Lilikuwa tangazo zuri, ila kabla ya hapo leseni hizo zilikuwa zimetoka kwa nani kama si kwa kaunti yenyewe?

Hata hivyo si kila sauti ni kelele. Kinu cha posho kikinguruma mchana, hiyo ni sauti ya ugali. Fundi wa jua kali akigonga bati, anawalipia watoto karo. Disko matanga ya kukesha hadi majogoo, watoto wa shule wakicheza humo, hiyo ni habari nyingine na sioni kwa nini tuitetee kwa jina la mila. Makesha ya dini nayo yanafaa, Mungu hana shida ya masikio, spika zielekezwe ndani. Sheria itaje saa na kipimo. Ikisema tu "kelele za kuudhi", askari ndiye atakayeamua ni nani ameudhika, na bei yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa waheshimiwa wa bunge la kaunti ni dogo. Kila kifungu chenye faini kiwe na mwenzake kinachoifunga kaunti. Mtaa usio na pipa wala siku maalumu ya lori usitozwe faini ya taka. Faini ya mbwa isianze kabla ya kampeni ya chanjo kufika kila kata. Kesi ya kelele isifunguliwe bila kipimo. Najua watasema pesa hazitoshi, lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mama mboga pia pesa hazimtoshi.

Je, watatusikiliza sisi ambao hatuna hata kura? Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamiko kwa wenye mamlaka, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi linapotunga sheria. Hili si pambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Lakini mtu atashirikishwaje katika jambo asiloweza kulisoma? Miswada hii huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, ilhali Kifungu cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Ndiyo sababu Chama chetu cha Kiswahili kimeanza kuufasiri mswada, kifungu kwa kifungu, ili ubandikwe sokoni kabla ya siku ya kutoa maoni. Tumefika kwenye taka. Tulibishana jioni nzima kama tuandike jaa au dampo, hadi mama mmoja wa nyanya akatuambia, "Wanangu, andikeni yote mawili, halafu mniambie faini ni ngapi." Tunaendelea kila Alhamisi baada ya michezo, katika chumba cha Kidato cha Tatu, na sehemu ya kelele bado haina mfasiri.