Ndia Kuu, kwa "D"

Huko Uingereza uko mji wa pwani uitwao Brighton, ambao watu huuendea kuoga baharini na kupunga upepo. Hapo zamani ukiitwa Brighthelmstone. Ndimi za watu ndizo zilizolikata jina hilo likawa fupi, na wakubwa wakaja kulifuata baadaye. Hayo ni ya wenzetu, lakini nasi watu wa Kisiwa cha Mvita tunayo yetu.

Ukivuka daraja la Nyali utafika mahali ambapo mwaka 1875 wamishonari wa Kiingereza waliwawekea makao watumwa walioachwa huru. Walipaita Freretown, kwa heshima ya Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa Unguja mwaka 1872 kumtaka Sayyid Barghash akomeshe biashara ya watumwa. Jina hilo lingali katika ramani. Lakini muulize utingo wa matatu: atakwambia Kengeleni, kwa ajili ya ile kengele iliyokuwa ikigongwa kuwahadharisha watu. Hapakuwa na kikao kilichokaa kulipitisha jina hilo.

Ndivyo ilivyo hata kwa ngome waliyoanza kuijenga Wareno mwaka 1593. Ulimwengu waijua kwa jina la Fort Jesus. Sisi twenda Ngomeni, basi.

Linalotusikitisha ni hili la Ndia Kuu, katika Mji wa Kale. Hicho ni Kimvita safi. Wenzetu wa Unguja ndio wasemao njia. Wapo vijana, tena wazawa wa papa hapa, wanaoidhania "ndia" kuwa ni kosa la mwandishi wa kibao, wakataka lisahihishwe! Wamefunzwa shuleni kwamba lugha ni moja, na lahaja ya bibi zao ni upotovu. Ndio hao hao watakaokwambia kuwa Mvita yatokana na vita, hali wazee humtaja Shehe Mvita, na kabla yake Mwana Mkisi wa Kongowea. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliandika Manbasa, na majina yote mawili yameishi pamoja bila kugombana.

Twaiomba serikali ya Kaunti, kila inapoandika vibao vya mitaa, iwaulize kwanza wazee wa Kibokoni na Kuze. Na atakayekuja na rangi yake kuisahihisha Ndia Kuu, tafadhali aambiwe arudi nayo.