Krimu ya Ujana Madukani Othaya

Othaya, kule Nyeri, ni mji wa baridi chini ya milima ya Nyandarua, na mashamba ya chai yameuzunguka. Mtu wa pwani akifika huko hujitanda shuka akadhani jua halipo. Kumbe kadiri upandavyo mlima ndivyo mwale wa jua uunguzao ngozi bila joto unavyozidi ukali. Basi sikustaajabu kuona dukani krimu zilizoandikwa Q10, zile zile ziuzwazo Mombasa, na mwenye duka akizisifu kuwa zarudisha ujana.

Hiyo Q10, au ubikwinoni, ni kitu cha jamii ya mafuta kilichomo mwilini mwetu. Ndani ya seli mna vijiko vidogo mno viitwavyo mitokondria, vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Q10 humo ni hamali: hupokea elektroni huku na kuzikabidhi kule. Tena huzima sumu zizaliwazo na jua na moshi, zinazoichakaza ngozi. Frederick Crane wa Wisconsin, Marekani, aliipata mwaka 1957 katika moyo wa ng'ombe. (Kwa atakayeuliza asili yake, siku hizi viwanda vingi huitengeneza kwa kuchachusha vijidudu.)

Umri ukisonga, Q10 hupungua, na hapo mfanyabiashara amepata mlango. Lakini molekuli yake ni kubwa na ngozi ni ukuta. Ipenyayo ni kidogo. Majaribio yameonyesha mikunjo midogo kupungua kiasi. Bibi hajarudi kuwa mwari.

Linalonitia hofu ni jingine. Rafu ile ile ilikuwa na krimu ya hidrokwinoni, ya kujichubua, iliyopigwa marufuku Kenya katika vipodozi. Majina yanakaribiana kwa kuwa zote ni za ukoo wa kwinoni, lakini hii ya pili huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, na ikitumiwa muda mrefu huweza kuacha madoa meusi ya kibuluu. Na rangi hiyo ndiyo mwavuli wa mchuma chai anayeshinda juani! Mama zetu walijipaka liwa wakapendeza, wala hawakuuvua mwavuli wao. Wakaguzi wa serikali wapande hadi miji midogo kama huu, wasiishie Nairobi na Mombasa.

Nilimwambia mchuma chai mmoja kwamba kofia pana ya ukili ingemfaa kuliko mkebe ule. Alicheka, kisha akaniuliza kofia hiyo inauzwa shilingi ngapi.